Nimeambiwa nihamie kazi ya kelele za ndege za kivita, niingie au niache?

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 29, naishi Marekani kwa grini kadi, digrii yangu ni ya mipango miji na nimefanya ramani za GIS miaka minne kwenye kampuni ya ushauri wa mazingira. Sasa bosi anataka nihamie kitengo kinachoandika tathmini za mazingira za kambi za jeshi, hasa upande wa kelele za ndege. Sijawahi kuwa mwanajeshi, hesabu za sauti sizijui, na kusema kweli naogopa nitakuwa mtu wa kulipwa kuwaambia majirani wa kambi kwamba hawasikii wanachokisikia. Halafu nasikia sheria za mazingira zinapunguzwa, si nitakuwa najifunza kitu kinachokufa? Nishauri tafadhali."

Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujamjibu bosi. Umeleta maswali manne ila mimi nikisoma naona moja ndo linakunyima usingizi, hilo la kulipwa kuwaambia watu hawasikii wanachokisikia. Mengine nitayapitia haraka, hilo nitalikalia manake hata mimi nimelala nalo miaka mingi.

Kwanza uanajeshi. Kazi hii kwa sehemu kubwa inafanywa na watu wasiovaa sare: watumishi wa kiraia wa wizara ya ulinzi na makampuni ya ushauri kama hiyo yako. Kwenye ajira za serikali ya Marekani utakuta kada ya mpangaji wa jamii, namba 0020, na ya mtaalamu wa hifadhi ya mazingira, namba 0028, na digrii ya mipango miji inaingia kabisa hapo. Usichokijua kuhusu ndege utafundishwa na marubani wenyewe, kwa sababu kazi inaanzia mezani: unatandika ramani, rubani anakaa upande wa pili, unamuuliza ukiruka kutoka njia hii unakata kona wapi, ukiwa juu kiasi gani, nguvu ya injini umeiweka asilimia ngapi, unarudi kutua kwa kuzunguka kushoto au kulia, usiku unaruka mara ngapi kwa mwezi. Halafu unaenda kwa mafundi unawauliza injini wanazipasha wapi, ndege ikiwa imeelekea upande gani, dakika ngapi. Halafu unaenda kwa waongozaji wa ndege kulinganisha, manake rubani atakwambia anavyotakiwa kuruka na muongozaji atakwambia anavyoruka kweli. Majibu hayo yote yanaingia kwenye programu, ya jeshi inaitwa NOISEMAP, ambayo ina hazina ya sauti za kila aina ya ndege zilizopimwa tayari, inachanganya na joto, unyevu wa hewa na milima, inakutolea mistari ya kontua kwenye ramani, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kelele sawa. Hiyo sehemu ya mwisho ni GIS, unaijua. Mtu aliyezoea kumsikiliza mwenzake kwa uvumilivu na kuandika sawasawa alichoambiwa anaifanya hii kazi vizuri kuliko mtu wa hesabu asiyeweza kuongea na watu.

Na hapo ndo nikurekebishe kitu kimoja ambacho karibu kila anayeingia anakiamini, kwamba tutakuwa tunazunguka na vipima sauti mitaani. Mara chache sana. Tunatabiri kelele ambayo bado haijatokea, mfano kambi inataka kuleta ndege mpya mwaka ujao, huwezi kupima ndege ambayo haijafika. Watu wengi hawaliamini hilo na wana haki ya kuuliza, ndo maana sheria ya ulinzi ya mwaka wa bajeti 2020 ililazimisha jeshi la majini kupima sauti za ndege moja kwa moja kwenye viwanja vyake viwili, Whidbey Island kule Washington na Lemoore kule California, kisha kulinganisha na programu zilivyotabiri.

Kosa la pili ni kudhani kazi ni kupunguza makelele. Ndege ya kivita haipitii vile viwango vya kelele ambavyo ndege ya abiria lazima ivitimize kabla ya kuruhusiwa kuuzwa, injini yake imetengenezwa kwa ajili ya mwendo na vita, ikiwasha ule moto wa ziada wakati wa kuruka hakuna utakachoifanyia. Kilichobaki mikononi mwako ni ndege ipite wapi, saa ngapi, juu kiasi gani, na chini yake pajengwe nini. Ni vitu vinne tu ila vina nguvu kuliko unavyofikiri.

Sasa hesabu. Desibeli hazijumlishwi kama kilo. Ndege mbili za desibeli 90 zikipita pamoja hupati 180, unapata 93, manake nishati ikiongezeka maradufu kipimo kinapanda 3 tu. Kikipanda 10 nishati imekuwa mara 10, lakini sikio la mtu linaona kelele imeongezeka kama maradufu. Ukishalishika hilo umemaliza nusu ya somo. Nusu nyingine ni kipimo kinachoitwa DNL, ambacho ndo msingi wa kila kitu Marekani: ni wastani wa sauti kwa saa 24, ila kelele ya kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi inaongezewa desibeli 10 kwa sababu watu wamelala. Kwa maana nyingine ndege moja ya usiku inahesabiwa kama ndege 10 za mchana. California wanaongeza na adhabu ya jioni, Ulaya pia wana ya jioni kwenye kipimo chao cha Lden, lakini wazo ni lile lile.

Chukua karatasi ufanye hii na mimi. Sauti yote ya ndege moja ikipita, ukiikusanya kana kwamba imetokea ndani ya sekunde moja, tuseme ni 114. Siku ina sekunde 86,400, logarithimu yake mara 10 ni kama 49.4. Toa 49.4 kwenye 114 unabaki na 64.6, yaani ndege moja tu ya hivyo kwa siku inakufikisha karibu 65 DNL, ule mstari unaotumika kuamua wapi nyumba za kuishi zinakubalika. Sasa badilisha, weka ndege 10 za 104, jibu ni lile lile. Weka ndege 100 za 94, lile lile tena. Umeona? Hesabu yenyewe ni ya shule ya sekondari, hapo usijitishe. Lakini tazama ulichopata: mitaa mitatu, ramani inaiweka kwenye mstari mmoja wa 65, mtaa wa kwanza wanashtuka mara moja kwa siku mpaka madirisha yanatetemeka, wa tatu wanakatizwa mazungumzo mara 100. Watu wa mitaa hiyo hawaishi maisha ya kufanana hata kidogo.

Hapo ndo tunafika kwenye hofu yako. Jirani akisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema mnadanganya, mara nyingi namba haijadanganya, ila inajibu swali ambalo yeye hakuuliza. Hakuna binadamu anayesikia wastani. Yeye anasikia ndege ya saa tano usiku iliyomwamsha mtoto. Na inazidi kuwa mbaya kwenye viwanja vya mazoezi vinavyotumika kwa vipindi: kiwanja kikitumika siku 36 kwa mwaka, ukisambaza kelele hiyo kwenye siku zote 365 unaishusha karibu desibeli 10, kwa hiyo kwenye ripoti inaonekana ya wastani wakati siku zenyewe zikifika watu hawawezi hata kuongea na simu.

Nikwambie lililonipata. Miaka ya nyuma nilikuwa kampuni moja, tukaandika rasimu, mimi nikaweka jedwali la kuonyesha shule tatu jirani zitakatizwa mara ngapi kwa saa ndege zikipita. Msimamizi akasema linachanganya wasomaji, DNL inatosha, litoe. Nikalitoa. Mwezi uliofuata kwenye mkutano mwalimu mmoja akasimama kwa utaratibu kabisa akauliza, darasani kwangu nitanyamaza mara ngapi kwa siku? Jibu nilikuwa nalo kwenye kompyuta, nilikuwa nimelipiga hesabu mwenyewe, lakini halikuwa kwenye ripoti kwa hiyo rasmi halikuwepo. Nilimjibu kuhusu DNL. Uso wa yule mama naukumbuka mpaka leo, na tangu siku hiyo sijakubali tena kutoa jedwali la namna ile.

Na siyo suala la utu tu, ni suala la mahakama pia. Machi 2019 jeshi la majini liliamua kuongeza ndege 36 za kivita aina ya Growler pale Whidbey Island, ambazo marubani wake wanafanya mazoezi ya kutua kama wanatua kwenye manowari ya kubeba ndege, wanagusa na kuruka tena, kwenye kiwanja kidogo karibu na Coupeville. Agosti 2022 jaji wa shirikisho akasema tathmini ilivunja sheria, na moja ya sababu ilikuwa hawakupiga hesabu ya athari kwa watoto kujifunza darasani. Utafiti kuhusu hilo ulikuwepo miaka mingi, ule wa RANCH uliotoka mwaka 2005 uliangalia zaidi ya watoto 2,800 karibu na viwanja vya Heathrow, Schiphol na Barajas ukaona kelele za ndege zikipanda uwezo wa kusoma unashuka. Kwa hiyo anayekwambia athari fulani ipo ila iache nje, anaiweka hata kambi yake kwenye hatari ya kurudia kazi upya.

Ile 65 yenyewe uijue historia yake, manake utaulizwa. Mwaka 1974 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitaja 55 kama kiwango cha kulinda afya na ustawi kikiwa na nafasi ya usalama, bila kuangalia gharama. 65 ndo ikaja kuwa mstari wa matumizi ya ardhi, kwamba chini ya hapo nyumba za kuishi zinakubalika. Uchambuzi wa mtafiti Schultz wa mwaka 1978, pamoja na ulivyorekebishwa baadaye, ulionyesha kwenye 65 kama asilimia 12 mpaka 15 ya watu wanakerwa sana. Halafu mwaka 2021 mamlaka ya anga, FAA, ikatoa matokeo ya kuwauliza watu zaidi ya 10,000 kuzunguka viwanja 20 vya kiraia, na pale pale kwenye 65 waliokerwa sana ni kati ya asilimia 60 na 71. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2018 lilipendekeza kelele za ndege zisizidi 45 kwa kipimo cha Lden. Viwanja vya abiria siyo kambi za kivita, usizihamishe hizo asilimia moja kwa moja, ila mtu akikwambia nje ya mstari wa 65 hakuna athari, ujue siyo kweli. Mstari unasema wapi sera imeamua kuchukua hatua. Hausemi wapi maumivu yanaishia.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu hofu yako ni hivi: ndiyo, anayekulipa ni yule yule anayetaka mradi upite, na hilo halitabadilika, wala usijidanganye. Lakini kinachoandikwa na wewe kinakuwa rekodi ya umma, jirani anakisoma, wakili wake anakisoma, kamanda anakisoma. Ukimwandikia kila mmoja wao namba ile ile, pamoja na idadi ya ndege, sauti ya juu kabisa ya ndege moja, na watu watakaoamka usiku, umemsaidia jirani kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya lile jengo. Vipimo hivyo vya ziada vinakubalika kabisa kitaalamu, hata wizara ya ulinzi ina miongozo yake kuvihusu, havijakatazwa na mtu. Na kama DNL peke yake inatosha kwa mkubwa wako, na wewe huna sauti ya kuuliza kwa nini, basi hofu yako ni ya kweli na bora usihamie chini ya mkubwa huyo.

Upande ambao mimi naupenda zaidi, na watu wa mipango miji mnaufaa kuliko sisi wengine, ni ardhi ya chini. Chanzo chake cha kisheria ni kesi ya kuku. Wakati wa vita kuu ya pili ndege za jeshi zilikuwa zinatua kiwanja kimoja karibu na Greensboro, North Carolina, zikipita kama mita 20 tu juu ya nyumba ya mfugaji anayeitwa Causby, kuku wakawa wanajirusha ukutani kwa woga, wakafa kama 150, ufugaji ukaisha. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ikasema kuruka chini hivyo na mara nyingi hivyo ni sawa na kuchukua ardhi ya mtu, serikali imlipe. Baadaye, mwaka 1973, wizara ya ulinzi ikaanzisha mpango wa AICUZ, ambao kwa kifupi unachora kelele na hatari ya ajali kwenye ramani moja na kuwapa serikali za mitaa ili zisiruhusu nyumba zisogelee. Mwisho wa njia ya kurukia kuna eneo la wazi la futi 3,000, likifuatiwa na la kwanza la hatari futi 5,000, kisha la pili futi 7,000. Jeshi halina mamlaka ya kumkataza mtu kujenga nje ya uzio wake, linashauri tu, halmashauri ndo inaamua. Virginia Beach waliachia nyumba zikasogea mpaka mwaka 2005 tume ya kufunga kambi ikawaambia zuieni ujenzi au ndege za Oceana, kambi iliyopo pale, zihamie Florida, ndo jiji likaanza kubana vibali na kununua viwanja. Mtu wa mipango aliyekaa na halmashauri miaka 20 kabla angeokoa fedha nyingi na usingizi wa watu wengi.

Kelele siyo kazi yote lakini. Utakutana na maji yaliyochafuliwa, makaburi ya kale, na viumbe. Pale Fort Bragg ndege mdogo aina ya kigogota, aliyelindwa na sheria, alikuwa anazuia mazoezi mpaka ikaonekana ni nafuu kuhifadhi msitu wa nje ya kambi pamoja na watu wa hifadhi, na sheria ya mwaka 2002 ikaruhusu jeshi kulipia ardhi ya namna hiyo nchi nzima. Hayo utayajifunza ukiwa ndani.

Kuhusu sheria kupunguzwa, umesikia sawa. Sheria mama ya tathmini, NEPA, imesimama tangu 1 Januari 1970, lakini mwaka 2023 Kongresi iliweka mipaka, tathmini kubwa miaka miwili na kurasa 150, ndogo mwaka mmoja na kurasa 75. Mwaka 2025 kanuni za pamoja zikafutwa, Mahakama ya Juu ikazitaka mahakama zisiingilie sana maamuzi ya idara, wizara ya ulinzi ikatoa utaratibu wake mpya, na ajira za kiraia za serikali zikasimamishwa kwa muda huku watu wakihimizwa kuondoka kwa hiari. Sitakuficha, kama ndoto yako ni kukaa ofisi ya serikali mpaka kustaafu bila wasiwasi, kipindi hiki kigumu. Ila kila ndege mpya ikija kambini bado lazima mtu achore kelele zake, AICUZ haitegemei NEPA, na ripoti ikifupishwa anayehitajika zaidi ni yule anayeweza kusema jambo zito kwenye ukurasa mmoja. Ujuzi wenyewe unahamia viwanja vya abiria, barabara, reli. Usijifunze fomu za NEPA peke yake, hizo zinabadilika. Jifunze sauti na jifunze kuongea na watu.

Sasa grini kadi, hili hukuuliza ila ndo litakalokubana. Ajira za kudumu za serikali ya shirikisho kwa kawaida ni za raia tu, na kibali cha usalama kinapewa raia tu. Kwenye kampuni binafsi unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kelele bila kibali hicho, lakini kuna mikataba na kambi ambazo hutaingia. Muulize bosi wako kwa maandishi mikataba mingapi ya kitengo inataka uraia, usikubali jibu la tutaangalia. Kama unakaribia miaka mitano ya grini kadi, au mitatu ukiwa umeolewa na raia na mnaishi pamoja, mambo yatafunguka. Na kama umeshawahi kusafiri muda mrefu nje, au una rekodi yoyote polisi, usiniulize mimi wala mtu wa mtandaoni, kaa na wakili wa uhamiaji ana kwa ana kabla hujajaza fomu yoyote.

Usiisahau njia nyingine ambayo haitajwi sana, kufanya kazi upande wa pili wa uzio. Miji na kaunti zinazopakana na kambi zinahitaji wapangaji wanaoweza kusoma kontua za jeshi na kuzihoji, na wizara ya ulinzi yenyewe inatoa ruzuku kwa mipango ya pamoja ya ardhi. Mshahara unaweza kuwa mdogo kuliko wa ushauri, lakini kama hofu yako ya kuwa msemaji wa kambi haitulii, kule utalala vizuri. Mimi ningekushauri miaka mitatu au minne upande wa kampuni kwanza, ujue namba zinavyoandaliwa jikoni, halafu uamue.

Jambo la afya, kwa kuwa siku chache utasimama kando ya njia ya kurukia: nenda kwa mtaalamu wa masikio upimwe kabla hujaanza, uwe na kumbukumbu yako, na ukisikia mlio masikioni usioisha baada ya siku ya kazi uwanjani rudi kwake, usisubiri upite wenyewe.

Wiki hii, kabla hujamjibu bosi, omba kiambatisho cha kelele cha mradi mmoja ambao kitengo kimeshaumaliza, kaa nacho wikendi. Tafuta kama kuna idadi ya ndege kwa siku yenye shughuli, kama kuna shule, kama kuna usiku. Ukikuta yapo, uliza nani aliyaandika na uombe ukae karibu naye. Ukikuta mstari wa 65 peke yake, muulize bosi nani aliamua hivyo na kwa nini, halafu niandikie alichokujibu.